Goti Lilipona Kabla Yangu

Hakuna aliyenigusa. Hilo lilinitesa kuliko maumivu. Nilikuwa nageuka kumfuata winga, mguu ukabaki kwenye nyasi, mwili ukaenda, nikasikia "ko!" kama kijiti kikavu kinavunjwa. Beki mwenzangu alidhani nimejikwaa, akanipigia kelele niinuke. Kumbe ligamenti ya mbele ya goti, ukano unaoshikilia mifupa ndani ya goti, ule tunaouita ACL, imekatika.

Ningechezewa rafu ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Lakini wengi wetu wanawake tunaocheza mpira huumia hivyohivyo, katika kugeuka au kutua baada ya kuruka, kisha usiku unalirudia tukio kichwani ukitafuta kosa lako. Na watu watakusaidia kulitafuta: mara nyonga zenu, mara hedhi. Ni kweli hatari yetu ni kubwa kuliko ya wanaume. Tafiti hutaja kati ya mara 2 na 8. Ila viatu vingi tunavyovaa viliundwa kwa mguu wa mwanamume, na timu nyingi za wanawake zina viwanja vibovu na fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) mmoja anayehudumia kikosi kizima. Dada yangu uliye na magongo sasa hivi, usikubali kulala na wazo kwamba mwili wako umekusaliti.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujitoa kwenye kundi la WhatsApp la timu. Nilisema sitaki kuwasumbua wenzangu. Uongo. Aliyechukua namba yangu uwanjani alikuwa amefunga bao, nikamtumia makofi matatu, nikageuzia simu ukutani nikalia. Wivu wa namna ile si roho mbaya, lakini ukiuficha unakula. Mtafute mtu mmoja, uutaje kwake kwa jina: naona wivu.

Kosa la pili ni kalenda za wengine. Alexia Putellas, kiungo wa Hispania, alikatika ACL mazoezini Julai 2022, siku moja kabla ya Euro ya wanawake kuanza. Aprili 2023 alikuwa uwanjani, Agosti akawa bingwa wa dunia na Hispania. Nilihesabu miezi yake nikiilinganisha na yangu, na kila nilipochelewa nilijiona mvivu. Sikuwahesabu Beth Mead, Vivianne Miedema na Leah Williamson, wote wa Arsenal wakati huo, ambao Kombe la Dunia lile waliishia kulitazama tu kwa sababu ya jeraha hilohilo.

Mwezi wa kumi tangu niumie nikafaulu vipimo vyote. Paja lililokuwa limesinyaa lilijaa, kuruka kwa mguu mmoja nikaruka, daktari akaniruhusu. Siku hiyo wenzangu walinipigia makofi, nami nilitaka kutapika.

Mpira wa kwanza wa kugombania, nilichelewa nusu hatua. Makusudi. Kocha hakuona. Fizio aliona, akanisubiri nikivua viatu: "Leo umegeuka kwa mguu huo mara ngapi?" Hata mara moja.

Kuna dodoso la maswali 12 ambalo mafizio wengi hulitumia kupima hofu na kujiamini kwa mchezaji anayerudi baada ya ACL. Nililijaza wiki mbili kabla, nikajipa alama za juu karibu kila swali. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne. Nani angeandika "naogopa" kwenye karatasi ambayo huenda ikafika ofisini? Kwa hiyo ushauri wangu si "kuwa mkweli", maana ukweli una gharama. Uliza kwanza majibu yatasomwa na nani. Ukijua yanaishia kwa fizio, ndipo uandike.

Tulianza upya, mimi na fizio, pamoja na beki mmoja niliyemwamini. Ananikaba taratibu huku ananiambia upande anaotokea. Baada ya siku kadhaa, kwa kasi. Baadaye bila kuniambia. Mara ya kwanza aliponigonga kweli, nililala chini nikishika goti zima lisilo na tatizo lolote, na yeye akakaa kando yangu bila kusema kitu mpaka nikainuka mwenyewe. Lile zoezi halikuwa kwenye programu ya mtu yeyote, na lilinisaidia kuliko mashine zote za chumba cha mazoezi.

Mpaka leo kabla ya mechi nafunga bandeji kwenye goti ambalo halihitaji bandeji. Fizio anajua. Ndiye anayenikatia.