Chokaa kwenye mahindi ya Meksiko
Unauliza kama Wameksiko huchemsha mahindi kwa chokaa ili kutoa maganda tu? Hapana, si hilo tu. Niasini (vitamini B3) ya mahindi imefungwa, mwili hauinyonyi vizuri. Kuyachemsha kwa maji ya chokaa na kuyalaza humo usiku kucha ndiko kunakoifungua. Wazungu walichukua mbegu wakaacha mapishi, matokeo yake pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini: ngozi inababuka, kuhara, mpaka akili kuvurugika. Iliwamaliza maskini wa kaskazini mwa Italia waliokula polenta (ugali wa mahindi wa Kiitalia) kutwa, kisha kusini mwa Marekani, ambako Dk. Goldberger, daktari wa Marekani, alionyesha miaka ya 1910 kwamba tatizo ni chakula, si vijidudu. Ila ugali wako ukiupata na samaki, maharage au maziwa, chokaa huihitaji. Na usithubutu kutumia ile ya kupaka ukuta!