Mkono wa mpira: pima matarajio kwanza, brashi baadaye

Mleta uzi, simama hapo hapo. Unataka kufanya jaribio la mkono wa mpira, lile la kumfanya mtu ahisi mkono bandia ni wake. Unasema kundi moja utawapitishia brashi kwenye mkono wa mpira na mkono wao uliofichwa kwa wakati mmoja, kundi jingine kwa kupishana, ugawe dodoso, tofauti ikitokea uandike kwamba ubongo umeukubali mkono bandia. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa hiyo hiyo. Mtahini wa nje aliizika kwa swali moja: washiriki wako walijua unatafuta nini?

Walijua, bwana! Dodoso la Botvinick na Cohen, watafiti walioanzisha jaribio hili mwaka 1998, linamuuliza mtu kama alihisi mkono wa mpira ni wake. Brashi mbili zinakwenda pamoja mbele yake halafu unamuuliza hivyo. Hata muuza chai wa pale getini angekisia unachotaka. Na kule kupishana tunakokuita udhibiti, yaani kundi la kulinganishia, hakudhibiti kitu hapo, maana mshiriki anakisia vilevile kwamba sasa hatakiwi kuhisi. Mwanasaikolojia Peter Lush alilionyesha hilo mwaka 2020: watu walioelezwa utaratibu tu, bila kuguswa na brashi, walitabiri majibu yaleyale tunayoyapata maabara. Kundi la mtafiti wa ubongo Ehrsson kule Stockholm limempinga na ugomvi bado mbichi, ila wewe utaingia katikati yao umeshika nini? Mkono wa mpira?

Msimamizi wangu alinisifia jaribio hili eti "kila anayelifanya hupata matokeo". Mtu mzima na profesa! Badala ya kushtuka, anaiona hiyo ni faida. Siku ya utetezi alikuwa bize na simu yake.

Wala usikimbilie kuwaambia waonyeshe mkono wao uliofichwa uko wapi, uone kama wanauonyesha karibu na ule wa mpira, ukidhani hapo umepona. Rohde na wenzake, 2011, walikuta mkono "unahama" hata mtu akiutazama tu ule wa mpira, brashi hakuna.

Kwa hiyo, kabla ya kukusanya chochote, tafuta watu wengine, waonyeshe video ya utaratibu wako, wajaze dodoso lako kwa kukisia. Majibu yao yakifanana na ya washiriki wako, futa neno "umiliki", yaani kuhisi mkono ni wako, kwenye hitimisho. Liandike hili kwenye pendekezo lenyewe, msimamizi anune akipenda.

Uliuliza pia utanunua wapi mkono wa mpira. Mimi nilijaza pamba kwenye glavu, ukawa kama wa maiti, na bado walisema ni wao. Idadi ya washiriki waulize watu wa takwimu.