Nazi Yangu Iliposhindwa na Mawese

Nilishuka kwenye treni Kigoma nikiwa na begi la nguo, mbuzi ya kukunia nazi, na nazi 12 kwenye kiroba. Waliocheka pale kituoni walikuwa na haki yao. Mimi ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga ukimwambia amehamishiwa mwisho wa reli, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, haulizi nyumba wala posho ya uhamisho. Anauliza, huko nazi ipo?

Ipo, ila imesafiri kama mimi na inauzwa kwa bei ya msafiri. Kigoma wana mnazi wao wa namna nyingine, mchikichi, na tui lao ni mawese. Hili ninalolieleza leo lilinichukua karibu miaka miwili kulielewa, na ningekuwa na adabu jikoni ningelielewa kwa wiki mbili.

Wiki ya kwanza nilinunua lita moja ya mawese soko la Mwanga. Nikayamimina kwenye kikaango juu ya mkaa uliokolea, nikasubiri yapate moto vizuri, kama ninavyosubiri alizeti. Ule wekundu ukaanza kuondoka nikiuona kwa macho. Ukawa rangi ya chungwa, ukawa manjano, mwisho yakabaki mafuta mapauke kama chai ya rangi iliyozidi maji. Moshi ukajaa chumba kizima, macho yanawasha, nguo zilizoanikwa dirishani zikanuka siku tatu. Bibi wa nyumba ya jirani akaja hadi mlangoni na mwiko wake mkononi.

"Mwalimu, unapika au unafukiza?"

"Shikamoo, Bibi. Nayachemsha mafuta kwanza."

"Marahaba. Hayo hayachemshwi, mwanangu. Umeshayaua."

Alikuwa sahihi. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, jamii moja na ile inayoipa karoti rangi, na karotini haivumilii moto mkali. Rangi ikiondoka, inaondoka na ladha na sehemu kubwa ya faida yake mwilini. Wapo wanaoyaunguza makusudi ili yasinuke, wakaangie maandazi. Siwagombi, lakini kama unataka mafuta yasiyo na rangi wala harufu, alizeti ipo dukani, nunua hiyo.

Njia ya Bibi ni hii, na sijaibadilisha tangu siku ile. Kitunguu na mawese vinaingia kwenye sufuria pamoja, sufuria ikiwa bado baridi. Moto mdogo. Ukisikia kitunguu kinanung'unika, sawa. Kikipiga kelele, punguza mkaa. Kwa maharage hata huko kukaanga hakuna. Unachemsha maharage yaive kabisa, unakata nyanya mbili na kitunguu ndani, unatia mawese vijiko vitatu vya chakula kwa nusu kilo ya maharage makavu, unafunika, unaacha yachemke polepole dakika kumi. Ukifunua, juu pana duara nyekundu nyekundu zinazoelea na chini mchuzi umeshikana. Nimekula maharage maisha yangu yote, mengine shuleni na sitaki kuyakumbuka, lakini maharage ya Kasulu yaliyopikwa hivi ndiyo yaliyonifanya niache kuikunia nazi kila sufuria.

Kwenye kununua mawese ndiko wengi tunakopigwa. Kwanza, ukiona chini ya dumu kuna kitu kizito cha manjano na juu mafuta mekundu yaliyo wazi, usianze kugombana na muuzaji. Nilishamgombeza mama mmoja, nikidhani amechanganya na kitu, hadi leo naona aibu kupita mbele ya meza yake. Mawese ndivyo yalivyo. Sehemu yake moja huganda mapema kuliko nyingine, hasa usiku kukiwa na baridi. Weka dumu juani kidogo, yataungana yenyewe.

La kuogopa ni maji. Yachukue kidogo, yapashe kwenye kijiko. Yakitatarika na kurusha, yana maji, na mafuta yenye maji hayakai, yanachacha. La pili ni yale yanayokwaruza koo. Nilidhani ndiyo tabia ya mawese, kumbe ni tabia ya mkamuaji. Chikichi zikishakatwa zinatakiwa zichemshwe na kukamuliwa mapema. Zikirundikwa siku nyingi zinaanza kuoza, na mafuta yake yanakuwa makali, yana kaukakasi. Yaonje kwa ncha ya ulimi kabla hujalipa. Mawese mazuri yana utamu wa mbali unaokaribia karanga mbichi. Yakikukera kooni pale pale sokoni, nyumbani hayatapata adabu. Ukishanunua, yaweke mbali na mwanga. Chupa yangu ya dirishani ilipauka yenyewe, bila moto.

Nije kwenye kosa ambalo walimu wenzangu hawajaniacha nalo hadi leo.

Nilialika wageni Jumapili. Nilikuwa nimepata kuhe mbichi mwaloni, na aliyewahi kumla kuhe wa Ziwa Tanganyika anajua kwamba samaki huyo hahitaji mbwembwe. Nyama yake nyeupe, imejaa, tamu yenyewe. Mimi nikataka kuwaonyesha Kigoma na Tanga zikioana kwenye chungu kimoja. Nikakuna nazi mbili, nikakamua tui la kwanza zito, nikalimwaga juu ya mawese yaliyokwisha kushika kitunguu, bizari na pilipili. Rangi ilitoka kama kitambaa cha viti vya daladala. Nikaonja, nikajidanganya kwamba patakaa sawa likipoa.

Hapakukaa sawa. Tonge la kwanza kila mtu alisema "mh!" ya heshima. Tonge la tatu midomo inang'aa mafuta na hakuna anayeongea. Mafuta juu ya mafuta, utamu juu ya utamu, na kuhe wa watu amezama humo hajulikani kama ni kuhe au kiazi. Mwalimu mmoja wa Kasulu, mtu mpole sana, akauliza kama kuna ndimu. Akakamua. Wa pili akaiomba. Ndimu nne zikaisha. Nikaenda kabatini nikatoa chupa ya achari niliyotoka nayo nyumbani, na hiyo ndiyo iliyoliwa siku ile. Achari na ugali wa muhogo. Sufuria ya kuhe ilibaki nusu.

Fahali wawili hawakai zizi moja, ndiyo, lakini jioni nikiosha vyombo nilichokuwa nikiwaza ni zile ndimu. Hakuna mgeni aliyeomba chumvi wala pilipili. Wote waliomba uchachu. Tangu hapo, nikiwa na kitu chenye nguvu mkononi, siulizi nikiongezee nini kingine kizuri, nauliza kimepungukiwa nini. Mawese yana unono na utamu, hayana uchachu wala uchungu. Ndiyo maana yanakubaliana na nyanya, ukwaju, ndimu, na majani kama sombe, yaani kisamvu. Ndiyo maana pia yanagombana na nazi, kwa sababu nazi ina kile kile yalicho nacho.

(Sombe msiifanyie haraka. Majani ya muhogo yana sumu yake, yatwangwe kweli kweli na yachemke muda mrefu bila kufunikwa kabla mawese hayajaingia. Hapo sina utani.)

Dagaa nao walinifundisha lile lile kwa upande mwingine. Dagaa wa Kigoma ana ladha nzito, na wengi wetu tunaipigia magoti ladha hiyo au tunaikimbia. Tunamtia nyanya sita, karanga, karoti, hoho, hadi hasikiki. Mimi namnunua Kibirizi, na kalenda yangu ya kununua naisoma juu. Wavuvi wanawavuta dagaa kwa taa usiku. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwanga na taa inakosa kazi, kwa hiyo dagaa wapya huadimika. Nanunua wakati wa giza.

Mkague hivi. Mkunje, avunjike kwa mlio. Akipinda, bado ana unyevu na ataota ukungu kwenye ndoo yako. Mtazame tumbo, liwe la fedha. Likishakuwa la manjano au kahawia, mafuta yake yameharibika, na uchungu huo hauondolewi na ndimu wala maombi. Halafu msugue kiganjani, usikie mchanga. Aliyeanikwa kwenye chanja ana bei zaidi ya aliyeanikwa chini, na bei hiyo ni ya halali, maana unalipia meno yako.

Kupika: kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza hadi wasikike kama kokoto ndogo zinazogongana na harufu ibadilike kutoka ya ziwa iwe ya kuchoma. Hapo ndipo unawapitisha maji ya moto haraka, mchanga uliobaki ushuke. Ukianza na maji watalainika na kumeguka. Kisha kitunguu, mawese kijiko kimoja tu, nyanya moja, pilipili kichaa nzima isiyopasuliwa, na mwisho maji ya ukwaju. Chumvi onja kwanza. Ugali wake ni wa muhogo, laini, unaovutika. Wa mahindi unakula vizuri, lakini hauteremki na mchuzi ule kwa namna ile.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Mama ninayenunua kwake akaanza kupima kwa kopo dogo. Waliokuwa wamehifadhi vizuri walikula. Mimi nilikuwa na ndoo moja, nimeifunga vizuri, lakini niliwaweka dagaa bila kuwaanika upya. Mwezi wa pili wa kufungwa ziwa nikafunua ndoo, harufu ikanipokea. Sasa nikinunua nyingi nawarudisha juani siku nzima, wanapoa kabisa kivulini, ndipo nafunga. Ukifunga wakiwa na joto, wanatoka jasho humo ndani.

Asali ya Tabora nayo nilijaribu, kwa sababu rafiki hushuka nayo kila likizo na mtu hawezi kuilamba tu mwaka mzima. Nilimpaka mgebuka kabla ya kumweka kwenye makaa. Nje akawa mweusi kama kiatu, ndani mbichi. Asali ni sukari, na sukari inaungua kabla samaki hajaiva. Ipakwe dakika mbili za mwisho, nyembamba, kwa unyoya au brashi. Ni nzuri. Siyo kila wiki.

Mgebuka hasa amepata mwenzake kwenye achari. Huyu ni samaki mwenye mafuta, na mafuta yake yanadondokea mkaa hadi majirani wajue una nini leo. Mchane mgongoni, mpake chumvi ya Uvinza ile ya chenga, umwache nusu saa, umfute maji aliyotoa, ndipo umweke motoni ngozi ikiwa chini. Usimgeuzegeuze. Akiiva anajiachia mwenyewe kwenye wavu. Kisha chukua kipande cha achari, kiponde, ukipenyeze pale ulipochana, nyama ikiwa bado ya moto.

Achari yenyewe ni ya kwetu, ila ndimu, chumvi na pilipili zote ni za huku. Ndimu 20 zilizoiva, zenye ngozi nyembamba. Zioshe, zikaushe hadi pasiwe na tone. Zipasue mara nne bila kuziachanisha chini, ujaze chumvi katikati, vijiko vitano vya chakula kwa zote. Zitie kwenye chupa kavu ya kioo, uiweke juani mchana, uiingize ndani usiku, uitikise kila siku. Siku ya kwanza na ya pili utaona ndimu zinaelea bila mpango na utadhani umekosea. Siku ya nne zimetoa maji yake zenyewe. Kati ya siku ya saba na ya kumi ngozi inaacha ukijani na kuwa kama kaki, na ukiibonyeza inabonyea. Hapo tia bizari ya manjano, kitunguu saumu kilichopondwa, na pilipili kichaa kwa kadiri ya ujasiri wako. Mimi naweka 15. Kijiko chenye maji kisiingie humo hata siku moja.

Nilishajaribu kuimalizia kwa mawese badala ya mafuta ya kawaida. Usiku wa Julai yaliganda juu kama mshumaa, ikabidi niitoboe ndipo niile. Nimeacha.

Bibi alipoionja mara ya kwanza alifumba macho, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, hii ni dawa ya nini?" Nikamwambia ni ya mgebuka. Hakunijibu. Akaifunika chupa, akaiweka kwenye kikapu chake, akaondoka nayo. Imerudi juzi, imeoshwa, imeanikwa ikakauka vizuri kabisa, na ndani amejaza pilipili kichaa mbichi hadi shingoni. Ndimu nimezinunua jana jioni, ziko 20. Mbili zimeanza kulainika, inabidi nikazipasue leo.