CHIRP kwenye Lubuntu inafunguka ila haisomi redio

Ndugu, kama CHIRP, programu ya kupanga chaneli za redio kwa kompyuta, inafunguka vizuri kwenye Lubuntu (aina ya Linux) ila inakataa kusoma redio yako ya mkononi ya Baofeng UV-5R, usiifute. Mara nyingi shida ni ruhusa: mtumiaji wa kawaida hawezi kugusa /dev/ttyUSB0 (jina ambalo Linux huupa waya wa USB wa redio) mpaka awe kwenye kundi la dialout, yaani la watumiaji wanaoruhusiwa kuitumia. Andika kwenye terminali:

sudo usermod -aG dialout $USER

Kisha toka kwenye akaunti uingie upya. Kufunga dirisha tu hakutoshi. Kama waya wako una chipu ya CH340 na ttyUSB0 inatokea na kupotea, ondoa brltty, programu ya maandishi ya nukta nundu inayoidaka chipu hiyo, ikiwa huitumii. Plagi ya waya inayoingia kwenye redio nayo isukume kwa nguvu, kasha la redio huizuia isizame yote. Na tafadhali sana, kabla hujaandika chaneli hata moja, soma kwanza kilichomo kwenye redio na uhifadhi faili hilo.