Maswali na Majibu: Uliza kilichomo mtungini kabla hujachovya

Safu iliyopita niligusia aizome, uchovyaji wa nguo wanaoufanya Wajapani kwa nili, rangi ya buluu inayotoka kwenye majani ya mmea wa jina hilo hilo, na kwamba siku hizi mgeni yeyote anaweza kulipia saa moja au mbili akachovya kitambaa chake mwenyewe. Maswali yamemiminika. Yale ya "ni shilingi ngapi kwa pesa zetu" nimeyaweka kando. Yen inapanda na kushuka kila siku, na simu mnazo.

Shikamoo mama. Nasoma Kobe na nina Jumamosi moja tu ya kupumzika. Niende wapi nikajaribu?

Marahaba. Nenda Tokushima. Basi linatoka Kobe, linavuka daraja la Akashi, linapita kisiwa cha Awaji na kuvuka tena hadi kisiwa cha Shikoku, ambako ndiko Tokushima. Safari ya saa mbili hivi. Katika mji wa Aizumi kuna makumbusho yaitwayo Ai no Yakata, kwenye makazi ya zamani ya matajiri wa nili, na pale pale unachovya. Utaelewa pia kwa nini kazi hii ilishamiri huko na si kwingine. Mto Yoshino ulikuwa ukifurika msimu wa vimbunga na kusomba mpunga, ilhali nili huvunwa kabla vimbunga havijafika, na tope linaloachwa na mafuriko ndiyo mbolea yake.

Kama unapenda kufunga kitambaa ili kitoke na michoro kuliko kuchovya, basi panda treni hadi Arimatsu, pembeni mwa Nagoya. Huko wamekuwa wakifunga na kushona vitambaa kwa ajili ya rangi tangu 1608. Ila uliza kwanza, maana kuna sehemu unafunga wewe, wanachovya wao, mzigo unakufuata kwa posta. Na weka nafasi mapema. Hawa si watu wa kubishiwa hodi ghafla ukiwa na wenzako kumi.

Natengeneza batiki Dar es Salaam. Nilipotembelea Japani niliingia darasa la "nili ya asili". Mwalimu akamimina unga mweupe kwenye ndoo, na muda si mrefu maji ya buluu yakawa kijani cha manjano. Ile si haidrosi yetu ya kila siku?

Ndiyo yenyewe, ule unga wa kiwandani unaoondoa hewa majini, na nashukuru kwamba macho yako yanaona.

Nili haiyeyuki kwenye maji. Ili ipenye kwenye uzi, lazima kwanza igeuzwe kuwa kitu kinachoyeyuka, ndani ya maji makali yaliyokosa hewa. Wewe unaifanya kazi hiyo kwa kostiki, inayoyafanya maji yawe makali, na haidrosi, chini ya saa moja. Mjapani wa zamani aliwaachia bakteria. Majani yaliyokaushwa hurundikwa ghalani, hunyunyiziwa maji na kupinduliwa kila baada ya siku chache, kwa siku 100 hivi. Rundo linapata joto la nyuzi 60 na kupita, na amonia yake inamtoa mtu machozi mlangoni. Kinachobaki, kinachoitwa sukumo, ni kama mboji nyeusi. Hicho ndicho kinachotiwa mtungini pamoja na maji ya majivu ya miti migumu, chokaa na pumba za ngano. Wengine huongeza sake kidogo, pombe ya mchele. Hapo unasubiri tena, wiki moja au zaidi, mpaka bakteria waanze kazi. Baada ya hapo mtungi unakorogwa kila siku, unalindwa na baridi, na ukilegea unaongezewa pumba.

Sasa, sina ugomvi na haidrosi. Hata nili ya maabara, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya BASF mwaka 1897 na kuwafilisi wakulima wa India na kisha wa Japani, ni buluu ile ile; molekuli ni moja. Ugomvi wangu ni na bango. Ukiandika "njia ya asili ya karne na karne" juu ya ndoo ya plastiki yenye unga wa kiwandani, umemwibia mteja, na umemwibia zaidi jirani yako aliyeamka alfajiri kukoroga mtungi wake.

Kwa hiyo uliza. Mtungi huu ulianzishwa lini? Unalishwa nini? Jana ulichovya nguo ngapi? Mwenye mtungi wa kuvundika atakujibu mpaka umwombe anyamaze. Mwenye ndoo atakuonyesha picha. Wala msidanganywe na lile povu la zambarau na utando wa rangi ya shaba juu ya maji, kwa sababu mitungi yote miwili huwa nao. Tena kuna wanaochanganya, sukumo kidogo na haidrosi kidogo. Si dhambi, mradi waseme.

Na kabla hatujawacheka Wajapani, wangapi kwetu wanauza vitambaa "vya rangi za miti shamba" ambavyo rangi yake imetoka kwenye kopo?

Nilichovya skafu na nikarudi nayo nyumbani. Niloweke kwenye chumvi au siki rangi isitoke?

Swali hili nimelijibu, nikalijibu tena, na leo lina barua sita. HAPANA. Si chumvi, si siki, si shabu. Hiyo ni dawa ya rangi nyingine. Nili haishikizwi na kitu chochote. Imeingia kwenye uzi ikiwa imeyeyuka, ikakutana na hewa, ikarudi kuwa chembe zisizoyeyuka, zikanasa humo ndani. Basi. Kinachotoka mnapofua ni ile iliyobaki juu juu, na dawa yake ni kusuuza kwa maji mengi siku ile ile mpaka yawe meupe.

Baadaye ifue peke yake, kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, uianike kivulini. Jiki isikaribie. Kwa muda itaendelea kupaka kola nyeupe na mkoba wa ngozi ya rangi hafifu, hasa ukitoka jasho. Usiivae kwenye harusi ya watu ukakaa kwenye sofa lao jeupe.

Mikono itabaki buluu?

Vaa glavu. Kwenye ngozi inaisha baada ya siku chache, kwenye kucha inangoja kucha iote.

Niko Mombasa, shemeji yangu anaishi Osaka. Nataka kumtumia kanga yangu ya zamani aichovye. Itakubali?

Kama ni pamba, itakubali, lakini fahamu kwamba nili haifuti kilichopo, inapanda juu yake. Nyekundu itaelekea zambarau, njano itakuwa kijani, nyeusi itabaki nyeusi, na jina la kanga huenda lisisomeke tena. Kama kanga yenyewe ni ya polista, kama nyingi zinazouzwa leo, itatoka ilivyoingia, na shemeji yako atalipa bure. Ng'oa uzi mmoja pembeni uuchome. Pamba huacha jivu laini na kunuka karatasi iliyoungua. Polista inayeyuka na kuganda kitonge kigumu.

Nyongeza ambayo hukuuliza: hata shati la pamba tupu mara nyingi limeshonwa kwa uzi wa polista. Nguo nzima itakuwa buluu na mishono itabaki myeupe, mstari mmoja mmoja, mabegani hadi mkononi. Wapo wanaoipenda hali hiyo. Mimi naipenda. Lakini ijue kabla. Na nguo mpya ichemshe kwanza kwa sabuni utoe wanga wa kiwandani, la sivyo rangi itashika hapa na kukataa pale.

Nimesikia samurai walivaa nili kwa sababu inazuia moto, wadudu na nyoka. Kweli?

Wauza nguo wanazipenda sana habari hizi. Tuanze na moto. Wazima moto wa Edo, yaani Tokyo ya zamani, walivaa makoti mazito ya pamba yaliyoshonwa tabaka juu ya tabaka, mengi yakiwa ya nili, kisha wakamwagiwa maji mpaka wakalowa chepechepe. Kilichowakinga ni unene na maji. Wadudu na nyoka sina la kusema nao.

Kilichoieneza nili Japani kina maelezo mepesi zaidi. Watawala wa enzi ile waliwawekea raia wa kawaida masharti juu ya hariri na rangi za kujionyesha. Pamba iliyochovywa nili haikumkera mtu, ilificha uchafu, na kila ikififia ulirudi kwa mchovyaji akaiongezea. Mkulima akavaa, mwenye duka akavaa, mapazia ya milangoni yakawa hayo. Mwaka 1874 alipofika mkemia Mwingereza Robert William Atkinson, aliona buluu kila alikogeukia, na jina la "buluu ya Japani" likaanzia kwake.

Na kwa yule aliyeuliza kama inatibu ukurutu: nenda hospitali.

Nina shamba Morogoro. Nawezaje kupata mbegu za nili ya Kijapani nianze biashara ya sukumo?

Usibebe mbegu mfukoni. Kuna sheria za karantini ya mimea, na zipo kwa sababu. Halafu, kwa nini uanzie mbali? Nili ya Kijapani ni mmea wa jamii nyingine kabisa, lakini jamii ya Indigofera, ile iliyoipa India utajiri wake wa buluu, ina ndugu wanaoota porini Afrika Mashariki bila kupandwa na mtu. Kaniki za bibi zetu, zilizokuja na majahazi kutoka Uhindi, zilitiwa nili ya jamii hiyo. Na majani yake hayahitaji kuvundikwa siku 100: unayaloweka mabichi, unachuja maji, unayapigapiga yaingie hewa, rangi inazama chini. Jifunze hiyo kwanza. Sukumo ni kazi ya watu wanaorithishana vizazi, na hata Tokushima waliobaki wakiifanya ni wachache mno.

Kitambaa changu kimetoka na mabaka, cha mwenzangu kimetoka safi. Mtungi ulikuwa ule ule. Nilikosea wapi?

Mikono yako ilikuwa na haraka. Nguo ilowe maji kwanza, ikamuliwe, ndipo iingie mtungini polepole bila kurusha maji, kwa sababu kila povu unalozamisha ni hewa, na hewa inaharibu kazi kabla haijaanza. Chini ya maji vidole havitulii: fungua mkunjo huu, fungua ule, sogea. Pale ulipobana kwa kidole gumba ukasahau, patabaki alama ya kidole gumba. Ukitaka kuitoa nguo mtungini, ikamue ikiwa karibu kabisa na uso wa maji, usiiinue ikidondoka matone.

Itatoka ikiwa kijani cha haradali. Ikunjue upesi yote ipate hewa kwa pamoja. Buluu inaanzia kwenye pindo na kuingia katikati huku unatazama. Ngoja itulie, rudia. Rangi nzito hutokana na kuchovya mara nyingi kwa muda mfupi. Ninyi mnaoiacha humo nusu saa mkiperuzi simu mnapata mabaka na rangi inayopukutika.

Nililipa mapema, nimefika wakasema leo hakuna kuchovya, mtungi umechoka. Wananidanganya?

Hapana, hao ndio wa kweli. Mtungi wa kuvundika ukichovywa sana unaishiwa nguvu, rangi inakuwa dhaifu, na lazima upumzishwe siku kadhaa bakteria wajirudishe. Dai pesa yako au siku nyingine, kwa adabu, na ukirudi chovya wa kwanza asubuhi.