Kabla hujaunganisha akaunti ya benki ili ulipwe pointi za tafiti

Swali hili huniletea karibu kila Mswahili anayefika Uingereza na kuanza kusaka hela ya pembeni: "Dada, ile kampuni ya tafiti inataka niunganishe akaunti yangu ya benki wanipe pointi. Ni matapeli?"

Si lazima wawe matapeli. Mimi hujaza madodoso yao kwenye basi nikitoka zamu ya usiku, akaunti nimeunganisha, na vocha za supamaketi zimeingia kweli. Si hela ya kujengea nyumba Kibaha, tuelewane, ila mchele na mafuta ya kupikia zinanunua. Tabu ni kwamba neno "kuunganisha" linabeba mambo matatu tofauti, na watu wanayachukulia kuwa jambo moja.

La kwanza ni halali. Tangu Januari 2018 benki kubwa za hapa zinalazimika kufungua njia iitwayo Open Banking. Ukiridhia, kampuni yenye kibali inasoma miamala yako kutoka benki bila kulijua neno lako la siri. Unabofya, unapelekwa kwenye programu ya benki yako mwenyewe, unaweka kidole, unachagua akaunti ipi ionekane, halafu unarudishwa ulikotoka. Ruhusa hiyo ni ya kusoma tu. Kwa ruhusa hiyo hawawezi kutoa hata peni moja. Ruhusa ya kulipa ni nyingine kabisa, kwa hiyo kama skrini ya benki inataja malipo wakati wewe umekuja kwa ajili ya tafiti, toka.

Kuna kitu huwashtua wengi hapo. Jina linalotokea kwenye skrini ya benki mara nyingi si la kampuni ya tafiti bali la kampuni nyingine isiyojulikana mtaani. Hilo peke yake si wizi. Kampuni nyingi za tafiti hazina kibali chao cha kusoma akaunti, zinapitia kwa mwenye nacho, kama TrueLayer, Plaid au Tink. Chukua jina hilo ulitafute kwenye rejesta ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha hapa. Rejesta iko wazi kwenye tovuti yao na haina malipo. Jina lisipokuwepo, hakuna mjadala.

La pili ni pale wanapokuambia uandike neno la siri la benki kwenye ukurasa wao. Usiandike, hata ukurasa uwe na nembo ya benki yako na rangi zake zote. Wenye ndugu Marekani wanaifahamu habari hii, kwa sababu kule mtindo wa kukabidhi neno la siri kwa kampuni ya kati ulienea kwa miaka mingi. Plaid ilishtakiwa kwa kundi la wateja waliodai kwamba kurasa zake za kuingilia zilifanana na za benki na kwamba ilivuta taarifa nyingi kuliko zilizohitajika. Ilikubali kulipa dola milioni 58 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Na hiyo ni kampuni inayofahamika, yenye ofisi na mawakili. Sasa fikiria aliyekutumia linki kwenye WhatsApp.

La tatu linakuja na jina la utafiti lakini si utafiti. Unaambiwa: tupe namba ya akaunti, malipo ya washiriki yatapitia kwako, ubaki na asilimia kumi, zinazobaki utume mbele. Hiyo ni kusafirisha pesa chafu. Kwa sheria ya hapa utakatishaji fedha unaweza kukufunga hadi miaka 14. Hata usipofika mahakamani, benki inaweza kukuweka kwenye kumbukumbu za Cifas, orodha ya udanganyifu ambayo benki na kampuni za hapa huiangalia, na alama hiyo hukaa miaka 6. Ukiwa nayo kufungua akaunti kunakuwa shughuli, na hata mkataba wa simu unaweza kuukosa. Wanafunzi ndio wanaowindwa zaidi, hasa wageni ambao ada inawakaba shingo. Ukikuta mtoto wa mtu kwenye kundi la Telegram akiambiwa haya, mpigie simu usiku huo huo.

Turudi kwenye lile la halali, maana ndilo watu wazima wenye akili zao wanaliingia, na ndilo lenye mambo ambayo fomu ya ridhaa haiyasemi kwa sauti.

Sheria inakupa haki ya kuomba nakala ya kila walichonacho juu yako, bure, na wana mwezi mmoja kukujibu. Niliiomba kwa kampuni moja, siitaji. Faili likaja, jedwali refu la kuchosha macho: tarehe, kiasi, maneno niliyoandika mwenyewe wakati wa kutuma, na safu ya mwisho waliyoijaza wao, aina ya matumizi. Kulikuwa na "UPATU MACHI", pembeni yake jina kamili la mwenzetu aliyekuwa zamu ya kupokea, na safu ya mwisho imeandikwa mkopo. "MSIBA MAMA H" wameuweka kwenye zawadi. Sadaka ya kila mwezi kwa msikiti ipo. Ada ya chama cha wafanyakazi ipo. Pesa ninayotuma nyumbani inaonyesha jina la kampuni ya kutuma pesa tu, jina la mama halimo, lakini inatoka tarehe ile ile ya mshahara, kwa hiyo asiyenijua kabisa anaweza kusema huyu ana watu wanaomtegemea ng'ambo na analipwa lini.

Dini na uanachama wa chama cha wafanyakazi ni taarifa ambazo sheria ya hapa inazihesabu kuwa nyeti. Mimi nimeridhia ya kwangu. Wenzangu wa upatu hawakuulizwa na mtu, majina yao yamekwenda kwa sababu mimi nilitaka vocha. Hilo ndilo lililonifanya nibadilishe utaratibu, kuliko hofu yoyote ya wezi.

Watakwambia majina huondolewa kabla taarifa hazijauzwa kwa wenye maduka na wawekezaji. Sawa, huenda wanayaondoa. Lakini mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake kuhusu kadi za benki za watu milioni 1.1 kwa miezi mitatu. Majina hayakuwemo. Walikuta kwamba ukijua mara nne tu ambazo mtu alinunua, duka gani na siku gani, unaweza kumpambanua katika umati huo kwa asilimia 90. Wanawake walikuwa rahisi kutambulika kuliko wanaume, na wenye kipato kikubwa kuliko wa chini. Mara nne! Jirani yako wa ngazi moja anazijua zaidi ya hizo.

Basi ninavyofanya sasa ni hivi. Nina akaunti ya pili, ya bure, kwa ajili ya manunuzi tu. Kila mshahara ukiingia nahamishia huko hela ya chakula, nauli na vikorokoro vya nyumba, na hiyo ndiyo iliyounganishwa. Mshahara, kodi ya nyumba, upatu, misiba, sadaka na pesa ya mama vinabaki kwenye akaunti kuu, ambayo haijaunganishwa na chochote. Kampuni za tafiti zinachotaka hasa ni kujua unanunua wapi, kwa sababu mtu akiulizwa hutaja duka la heshima ilhali kapu lake limejaa vitu vya duka la bei poa. Hicho wanakipata. Kuna zinazokataa akaunti isiyoingia mshahara. Hizo naziacha zipite, kwa sababu zinataka zaidi ya kujua nanunua sabuni wapi.

Halafu fahamu kwamba taarifa nyingi huchukuliwa siku ile ile ya kwanza. Ukiridhia tu, wanaweza kuvuta historia ya nyuma, mara nyingi miezi 12 au zaidi kutegemea benki, wakati wewe bado unashangilia pointi za kukaribishwa. Ndiyo maana akaunti mpya ni bora kuliko ya zamani uliyoisafisha jana. Baada ya hapo wanatakiwa kukuuliza kila siku 90 kama bado unaridhia. Swali hilo huja kama kitufe kidogo chenye rangi ya kuvutia, nawe unabofya huku unakoroga ugali. Soma kwanza.

Walioko nyumbani wasichukue haya ya Uingereza wakayapeleka mzima mzima. Kule mtu akikuomba namba ya siri ya M-Pesa, au ile namba iliyoingia kwenye simu sasa hivi, eti akulipe kwa kujibu maswali, huyo ni mwizi, basi. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Wanaofanya tafiti za simu kweli kweli, kama GeoPoll, huwalipa watu kwa muda wa maongezi, nao wanahitaji namba yako ya simu tu. Ila kiu ya kununua taarifa za watu imefika huko pia: Agosti 2023 Wakenya walipanga foleni KICC, jumba la mikutano Nairobi, kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa tokeni zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya, mpaka serikali ikasimamisha. Siwacheki waliopanga foleni. Shilingi 7,000 ni unga na kodi ya chumba. Tanzania nayo ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo hata huko unayo haki ya kuuliza taarifa zako zinafanyiwa nini.

Ukitaka kutoka, kukata muunganisho kwenye programu ya benki hakutoshi. Kunazuia wasisome tena, lakini ya nyuma wanabaki nayo. Anza kwa kutoa pointi zako zote ziwe vocha, maana akaunti ikifungwa pointi hufa nayo. Ndipo ukate kwa benki, kisha uwaandikie barua pepe: jina lako, anwani ya barua pepe uliyojisajilia, kwamba umeondoa ridhaa, na kwamba unaomba wafute miamala yote waliyoichukua na wakuthibitishie kwa maandishi. Kiingereza chepesi kinatosha, si lazima kiwe cha mwanasheria. Hifadhi nakala yenye tarehe. Wale wangu walikaa kimya mpaka nilipowakumbusha kwamba mwezi umekwisha na kwamba hatua inayofuata ni malalamiko kwa ICO, mamlaka ya hapa ya ulinzi wa taarifa binafsi, malalamiko ambayo hayana ada na hujazwa mtandaoni. Jibu likaja kesho yake.