Karatasi moja, funguo tatu

SWALI: Ninafundisha muziki katika shule ya sekondari hapa Tanga mjini. Nina kwaya ambayo wavulana wake wengi sauti zao zinavunjika, tarumbeta mbili za B flati, saksafoni alto moja na kibodi. Wimbo wa mahafali nimeuandika katika ufunguo wa C, yaani do ni C, nikawapa wote nakala ileile. Tukianza kupiga, hakuna kinachopatana, na wavulana hunyamaza katikati ya ubeti. Nirekebishe wapi?

JIBU: Mwalimu, wapigaji wako wanasoma vizuri, tatizo liko kwenye karatasi. Kibodi ikisoma C hutoa C, tarumbeta ya B flati ikisoma C hiyohiyo hutoa B flati, na saksafoni alto hutoa E flati, kwa hiyo mnapiga wimbo mmoja katika funguo tatu kwa pamoja. Usikimbilie kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye kibodi, maana kitaipatanisha na tarumbeta na kuiacha saksafoni nje vilevile.

Ningeanza na wavulana, si vyombo, kwa kuwa tarumbeta unaweza kuiandikia upya, ila koo la kijana wa miaka 14 huwezi. Wengi wa umri huo huimba bila kujikaza kuanzia A iliyo chini ya C ya kati hadi F iliyo juu yake, na nje ya hapo sauti hukwama au hukatika. Hamishia wimbo kwenye ufunguo wa F, kisha uwatungie mstari wao wenyewe usiozidi mi ya chini hadi do, yaani A hadi F hizohizo, badala ya kuwalazimisha kuimba sauti ya tatu au ya nne iliyotungwa kwa watu wazima. Wanakwaya wanaosoma solfa (do, re, mi) hawatabadilishiwa nota hata moja. Andika tu juu ya ukurasa kwamba do ni F.

Tarumbeta sasa iandikiwe katika G, yenye shapu moja, na saksafoni katika D, yenye shapu mbili, ili zote zisikike katika F. Zote ni funguo nyepesi kwa wanafunzi. Hata hivyo, tarumbeta zisifuate waimbaji nota kwa nota, kwani mbili tu zinatosha kuifunika kwaya nzima ya shule. Zipe majibu mafupi mwisho wa mstari, pale waimbaji wanapovuta pumzi, na saksafoni, ambayo ni laini zaidi ikipigwa kwa utulivu, ndiyo iwashike mkono wavulana.

Vyombo vya kupuliza hupanda sauti vikipata joto, na kwa joto la Tanga kibodi peke yake ndiyo haitasogea. Kwa hiyo wapulize kwanza dakika chache, kisha kibodi ishikilie F, tarumbeta zipige G yao na saksafoni D yake. Tarumbeta inayosikika juu kuliko kibodi ivutwe nje kidogo bomba lake la kurekebishia sauti. Kwa saksafoni, mdomo wake wa kupulizia uvutwe nje kidogo kwenye koki, yaani gamba laini linalozunguka ncha ya shingo yake.